Bwana Msa na Cheti cha Kifo: Wasomaji wa "Mzimu wa Watu wa Kale" kutoka Unguja hadi Doha



Leo sikuja kumsahihisha mtu. Nimekuja kujisahihisha mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa Ujerumani nikiandika tasnifu yangu ya udaktari, nilitenga sura nzima kwa riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale. Hukumu yangu ilikuwa fupi: hii ni hadithi ya upelelezi ya Kizungu iliyovalishwa kanzu, na wasomaji wake waliipenda kwa kuwa inatisha na kustarehesha, basi. Wasimamizi wangu wakaridhika, nikapewa digrii yangu, na sura ile nikaisomesha miaka na miaka. Sasa umri umeshapita hamsini, na swali moja nililoulizwa hapa Doha, usiku wa Ramadhani mwaka 2024, limeivunja sura ile yote. Naomba mnivumilie nieleze, maana jambo lenyewe lina historia na lazima tuanzie mbali kidogo.

Kitabu na mwandishi wake

Wengi wenu mnamjua Abdulla kuliko mie, lakini kwa faida ya walio wadogo nitasema machache. Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Makunduchi ndiko kwenye Mwaka Kogwa, ambako kila Julai watu hupigana kwa migomba na kuchoma kibanda ili kuuaga mwaka uliopita. Vilevile ni nchi ya mizimu, yaani mapango, miti na makaburi ya zamani ambako watu hufukiza ubani, hutundika vitambaa na kuomba haja zao. Kwa hiyo neno la kwanza la jina la kitabu chake halikuwekwa kwa mapambo. Kwa mtu wa kule, mzimu una mahala pake, na watu wanapita wakipajua.

Abdulla alimaliza masomo katika skuli ya misheni mwaka 1938, akaingia Idara ya Afya, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa muda wa miaka kumi. Naomba mlishike hilo, nitalirudia. Mwaka 1948 akahamia kwenye magazeti: akawa mhariri wa Zanzibari, na baadaye mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akakabidhiwa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akakaa nalo mpaka alipostaafu 1968. Alifariki mwaka 1991.

Riwaya yenyewe ilishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na ilitoka kitabu mwaka 1960. Kisa chake, kwa ufupi, ni hiki. Bwana Ali, mtu wa mali na shamba, anakutwa maiti penye mzimu. Watu wanalo jibu tayari: mzimu umemchukua. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, halikubali jibu hilo. Anauliza, anapima, anarudi nyuma, mpaka mwisho anaonesha kwamba mkono uliofanya kazi ile ulikuwa mkono wa binadamu. Wa nani, sisemi. Asiyekisoma nisimharibie.

Tukumbuke wasomaji wa wakati ule walikuwa wamezoea nini. Walikuwa na ngano za bibi zao, walikuwa na hekaya za Alfu Lela, na walikuwa na tafsiri za skuli, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambazo zote mbili zilitoka mwaka 1929. Katika ngano, jini akitokea mwanzo, mwisho ataondoka jini vilevile, hakuna atakayekuja kukwambia alikuwa mtu. Abdulla alimpa msomaji hofu yote ya ngano, halafu akamdai akubali maelezo. Conan Doyle alikwisha kufanya hivyo katika The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1901 na 1902: mbwa wa kishetani mwanzoni, mbwa wa kufugwa mwishoni. Kwamba Abdulla alijifunza kwa Doyle halina ubishi. Mie kosa langu lilikuwa kudhani kwamba tukishasema hivyo tumeshamaliza kazi.

Kitabu kisichokuwa na mwisho

Mara ya kwanza nilikutana na kitabu hiki mwaka 1985, nikiwa dakhalia. Nyakati zile mnazikumbuka: sabuni shida, daftari shida, sembuse vitabu. Darasa zima tulikuwa na nakala moja, jalada halipo, na kurasa za mwisho zimenyofoka. Tulikuwa tukikaa kwenye vitanda, mmoja anasoma kwa kandili, wengine tunasikiliza. Aliyesoma alikuwa kijana mwenye sauti nzito, na alijua kunyamaza pale pa kunyamazia. Wallahi, usiku ule wa kwanza hakuna aliyekwenda chooni peke yake. Choo kilikuwa nje, karibu na mbuyu, na watu walikwenda wanne wanne, wameshikana mashati.

Tulipofika pale kurasa zinapokatika, ugomvi ukaanza. Kundi moja likasema aliyeua ni mzimu, basi. Kundi la pili likasema ni mtu wa nyumbani, kwa ajili ya mali. La tatu, na hili lilikuwa dogo, likasema ni mtu aliyejua kwamba watu wataulaumu mzimu, akajificha nyuma yake. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mzimu ukashinda kwa kura nyingi.

Katika ubishi ule, mwenzetu mmoja wa kaskazini, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alisema: "Baba yangu alikutwa hivyo hivyo, porini, na hakuna aliyekwenda kuuliza." Tukanyamaza kidogo, kisha tukaendelea na ubishi wetu. Tulikuwa watoto. Sasa naona kwamba yeye hakuwa akizungumzia kitabu.

Miaka miwili baadaye nilipata nakala kamili mjini, nikaumaliza mwisho wake kwa kusimama. Nitasema kweli, nilihisi nimeibiwa. Hofu yote ile, kumbe mtu! Nilipomsimulia mwenzangu mmoja wa dakhalia, alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa utulivu: "Hiyo ni ya kitabuni."

Jibu hilo nililiandika katika tasnifu yangu kama ushahidi kwamba riwaya ilishindwa kumfunza msomaji wake. Nikaliongezea na ya mwaka 1995, pale hofu ya Popobawa ilipoanzia Pemba, ikaingia Unguja, ikavuka mpaka Dar es Salaam, watu wakawa wanalala nje kwa makundi na moto umewashwa. Mwaka ule ndio wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na kila mtu alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Katika waliolala uwanjani walikuwamo watu waliosoma vitabu vyote vya Bwana Msa. Mmoja wao alinitania: "Sasa unamngoja nani? Bwana Msa mwenyewe keshakufa." Tukacheka. Lakini hatukuingia ndani.

Sie wahakiki tulifanya nini

Hapa sina budi kuzungumza kama mmoja wa waliokosea. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, uhakiki wetu wa fasihi, hasa uliotoka Dar es Salaam, uliuliza swali moja kubwa: kazi hii inamtumikia nani? Lilikuwa swali zuri. Riwaya za upelelezi zilikuwa zinaongezeka. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka 1965, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba 1974, na Abdulla mwenyewe hakukaa: Kisima cha Giningi 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Vyote hivyo tukavitia katika kapu moja, tukaliandika "fasihi pendwa", na kwa wengi wetu neno hilo lilikuwa karibu na tusi.

Hoja zetu hazikuwa za ovyo. Kitabu kinachapishwa 1960, miaka minne kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Ndani yake mwenye shamba anauawa, na swali la ardhi halisikiki. Baada ya Mapinduzi mashamba yalichukuliwa na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Sasa mhakiki aliyeishi hayo yote atakosaje kuuliza: je, Bwana Msa hakuliona lile lililokuwa linaiva mbele ya macho yake? Nililiuliza na mimi, na bado naona ni halali kuuliza.

Tatizo ni kwamba katika makala zetu zote hizo msomaji hakuwa na mdomo. Tulimwita "umma". Tulijua kitabu kinampotosha au kinamwamsha, lakini hatukwenda kumuuliza alipokuwa akisoma alikuwa anaogopa nini. Yule kijana wa kaskazini nilikuwa naye chumba kimoja, na nilikuwa na miaka kumi ya kurudi kumuuliza habari za baba yake. Sikurudi. Nilikwenda Ujerumani kusoma nadharia ya mapokezi ya msomaji.

Kitabu katika masanduku

Watu wengi walihama baada ya 1964, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 wengi wenye asili ya Oman walikaribishwa Maskati. Wengine wakasambaa Dubai, Abu Dhabi na huku kwetu Doha. Katika masanduku yao waliyokuja nayo, au waliyoletewa baadaye na jamaa, mlikuwamo vitabu, na nimeviona vitabu vya Abdulla katika nyumba kadhaa za Ghuba, vimefungwa karatasi za nailoni kama dhahabu.

Ndivyo ilivyokuwa katika flati moja ya mtaa wa Najma, hapa Doha, ambako Ramadhani ya 2024 tulikuwa tukikutana baada ya tarawehe. Mwenye nyumba ni Bi Mkubwa wa Kiunguja aliyekulia Maskati. Wanaokuja ni mchanganyiko: walimu, wauguzi wawili wa kutoka Dar, dereva Mganda aliyejifunzia Kiswahili kazini, na vijana wa Mombasa na Kilifi wanaofanya kazi ya ulinzi katika maduka na mahoteli. Tunakunywa chai ya karak, tunakula kaimati, na mazungumzo yakianza kuelekea kwenye siasa za kwetu mtu lazima atafute jambo jingine. Usiku mmoja Bi Mkubwa akaniwekea kitabu mapajani. "Maalim," akasema, "tusomee. Tangu macho yangu yaharibike sijakisikia."

Basi nikasoma, usiku kwa usiku, kiasi cha saa moja. Nakala yake ilikuwa kamili, kurasa zote zipo.

Kilichonishangaza ni kwamba hatukuwa tukisikia kitabu kimoja. Bi Mkubwa hakuwa anamtafuta muuaji hata kidogo. Muuaji anamjua tangu ujana wake. Alikuwa akisikiliza maneno. Likipita neno la kwao ambalo hajalisikia siku nyingi, alinisimamisha nilirudie, kisha akatuambia nani alikuwa akilisema na kwa sauti gani. Kwake yeye kitabu kilikuwa ni mji ambao hauko tena. Nilikuwa nimekwisha kuandika juu ya wasomaji wa namna hii, nikawaita watu wa majonzi ya ukale, na nikasema wanakosa maana ya riwaya. Nilipomtazama Bi Mkubwa akicheka peke yake, macho yamefumba, nilijionea haya.

Wauguzi walisikiliza kwa namna yao. Walitaka kujua maiti ilikutwaje, saa ngapi, nani aliigusa. Mmoja alisema, nusu kwa mzaha: "Hapa kuna mtu hajafanya kazi yake." Dereva wetu Mganda alipenda ile hofu yenyewe, na akaniomba nisisome kwa haraka. Vijana wa ulinzi walikuwa wakicheza kamari ndogo ya bilauri za chai: nani ameua? Wawili kati yao walishikilia mzimu mpaka dakika ya mwisho, kama sie mwaka 1985.

Swali

Usiku tuliomaliza, nilifunga kitabu nikangoja ile hali ninayoijua, watu kuvunjika moyo kwamba kumbe ni mtu. Haikuja. Wale vijana walinyamaza. Kisha mmoja wao, mtu wa Kilifi, akatoa simu yake, akatafuta picha, akanipa. Ilikuwa picha ya cheti cha kifo.

Mwenzao wa chumba kimoja alilala baada ya zamu ya usiku na hakuamka. Umri wake ishirini na minane. Hawakumjua kwa maradhi yoyote. Cheti kilisema, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwamba moyo umeacha kufanya kazi, sababu za kawaida. Mwili ulisafirishwa nyumbani, ukazikwa, na kwa upande wa kazini mambo yakaishia hapo. Nyumbani hayakuishia. Ukoo ulikaa kikao. Kijana mzima, mwenye afya, anatuma pesa kila mwezi, amelala tu akafa? Na kuna shamba lenye ugomvi wa zamani na mdogo wake babu. Mzee yule sasa ana mvi kichwa kizima, na mnajua Kilifi mvi zimewaponza wazee wangapi, maana mauaji ya wazee kwa tuhuma za uchawi kule yameripotiwa mwaka baada ya mwaka. Mzee amelazimika kuhama usiku, na hata sasa yuko kwa watu.

Kijana akaniuliza: "Mwalimu, hivi Bwana Msa angeikubali karatasi hii?"

Nikataka kujibu kisomi. Nikashindwa.

Sisemi marehemu yule aliuawa. Huenda ni ugonjwa wa moyo usiojulikana, huenda ni joto, huenda ni uchovu, huenda ni jambo ambalo hata daktari bingwa asingeligundua kwa urahisi. Nasema hakuna aliyetafuta. Wala jambo hili si la chumba kimoja. Mwezi wa Agosti 2021 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya vifo vya wafanyakazi wahamiaji Qatar. Walipitia vyeti 18 vya vifo vilivyotolewa kati ya 2017 na 2021, na katika 15 hamkuwa na maelezo ya chanzo cha kifo, isipokuwa maneno kama moyo kushindwa au pumzi kushindwa kwa sababu za kawaida. Mwezi Februari mwaka huohuo gazeti la The Guardian lilikuwa limeandika kwamba zaidi ya wafanyakazi 6,500 wa kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka walifariki Qatar tangu 2010. Serikali ya Qatar ilijibu kwamba kwa wingi wa watu wa nchi hizo waliopo hapa, idadi hiyo iko katika kiwango kinachotarajiwa. Gazeti lenyewe lilieleza kwamba nchi nyingine zenye wafanyakazi wengi, Kenya ikiwa mojawapo, hazikuingia katika hesabu ile. Yaani wa kwetu hawakufika hata kwenye kuhesabiwa.

Bwana afya

Usiku ule nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Mwaka 1978 kipindupindu kiliingia Zanzibar kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka minane. Kijijini kwetu walikufa watu katika muda mfupi, na kabla ya wiki kwisha jina la bibi mmoja lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Alikuwa mjane, anaishi karibu na kisima, na inasemekana alionekana pale usiku. Watoto tulikatazwa kupita mlangoni kwake. Kisha akaja bwana afya na baiskeli yake. Alikwenda moja kwa moja kisimani. Akachota maji, akatazama vyoo viko wapi, akauliza nani ameugua mwanzo na alikunywa maji ya wapi. Akatia dawa kisimani, akawakusanya watu wazima chini ya mwembe, akawaeleza. Si wote walioamini. Nakumbuka wengine wakisema vyake ni vya ofisini, kama rafiki yangu baadaye aliposema "ya kitabuni". Lakini baada ya siku ile hakuna aliyemgusa yule bibi. Walikuwa wamepewa jibu jingine la kushika, na mtu aliyewapa alikuja kwa miguu yake akawasikiliza kwanza.

Hapo ndipo nilipoirudia tarjama ya maisha ya Abdulla, ile niliyoinakili katika tasnifu yangu bila ya kuifikiri. Mkaguzi wa afya, miaka kumi, kuanzia 1938. Kabla ya kuandika hata sura moja ya Bwana Msa, mtu huyu alikuwa na kazi ya kuingia katika mitaa na vijiji kutafuta sababu za maradhi, mbele ya watu waliokuwa na majibu yao tayari. Kiko cha Bwana Msa kimetoka London, sawa. Lakini mwendo wake wa kuingia shambani, kuuliza watumishi na mabwana vilevile, kutazama ardhi na kurudi tena kesho yake, ule mie naona umetoka Idara ya Afya ya Unguja. Siwezi kuleta barua ya mwandishi inayosema hivyo. Naleta kitabu na kazi aliyoifanya, na nyie mtapima.

Tukikubali hivyo, mapokezi ya wasomaji nayo yanabadilika sura. Nilikuwa nikiwagawa wasomaji wa Mzimu katika waelewa na washirikina: walioukubali mwisho na walioukataa. Sasa naona mgawanyo ulikuwa mwingine. Kuna msomaji ambaye maiti wake wameelezwa, na kuna msomaji ambaye maiti wake hawakuelezwa. Yule wa kwanza anaufurahia mwisho wa Bwana Msa kama mchezo mzuri wa akili. Wa pili anausikia kama habari za nchi ya mbali, ambako mtu akifa porini kuna anayekuja kuuliza. Kijana wa kaskazini hakuukataa ukweli alipopigia kura mzimu. Alikuwa akisema lile alilolijua: kwao hakuja mtu. Na mwenzangu aliyesema "hiyo ni ya kitabuni" alikuwa sahihi neno kwa neno. Ilikuwa ya kitabuni kwa sababu nje ya kitabu haikuwapo.

Hata ya 1995 inabidi niitazame upya. Niliandika kwamba watu waliolala uwanjani walionesha kushindwa kwa riwaya. Ile kauli ya "Bwana Msa mwenyewe keshakufa" nikaichukua kama mzaha tu. Nadhani ilikuwa hukumu. Watu walijua vizuri sana ni mtu wa namna gani anayehitajika. Walisema hayupo.

Watu wetu husema kifo hakikosi sababu. Msemo huo tumeuzoea kama maneno ya tanzia, ya kumtuliza mfiwa. Usome tena, utaona una madai ndani yake. Cheti kinachosema moyo umesimama hakijasema sababu, maana moyo wa kila maiti umesimama. Ni kama ile nakala yetu ya dakhalia. Na pale kurasa za mwisho zinapokosekana, watu hawaachi wazi. Wanajaza, na wanachokijaza mara nyingi ni jina la bibi mjane au mzee mwenye mvi.

Sasa nimefanya nini? Mambo mawili madogo. La kwanza, sura ile ya tasnifu siisomeshi tena kama ilivyo. Naisoma mbele ya wanafunzi, kisha nawaonesha nilipokosea. La pili, tulikaa na wale vijana na mmoja wa wauguzi, tukamwandikia barua ukoo wa Kilifi kwa Kiswahili chepesi. Tukaeleza kwamba kijana alifanya zamu za usiku, siku ngapi kwa wiki, alikula nini, alilala saa ngapi, aliyemkuta ni nani na saa ngapi, na kwamba vijana wenye afya huweza kufa usingizini kwa maradhi ya moyo yasiyoonekana. Tukaandika pia waziwazi kwamba sababu yenyewe haikuchunguzwa, na kwamba kutochunguzwa huko hakumtii mtu yeyote wa nyumbani hatiani. Barua ilisomwa kikaoni. Jibu lililorudi ni la mstari mmoja: wanashukuru kwa kuambiwa. Mzee bado hajarejea kwake. Sijui kama barua itamrejesha. Lakini ni mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya usomi kuandika kitu ambacho kuna mtu alikuwa anakingoja.

Ombi langu kwenu, ndugu zangu, hasa mlio na wazee majumbani Maskati, Dubai, London, Toronto na kwengineko: waulizeni. Msiwaulize riwaya ina dhamira gani. Waulizeni walikisoma wapi, nani alikuwa akisoma na nani akisikiliza, waliogopa pahala gani, na mwisho wake waliuamini au hawakuuamini, na kwa nini. Waliokisoma 1960 wakiwa vijana sasa wanapindukia themanini. Tumeandika mengi juu ya Bwana Msa. Wasomaji wake tukiwaacha waondoke bila ya kuwauliza, tutakuwa tumefanya yaleyale ya kufunga faili na kuandika "sababu za kawaida".

Mwenye kunipinga na anipinge, nitafurahi. Naomba kuwasilisha.

Wasalaam,
Doha